Si wa Bagika, Si wa Bagalu

Wazazi wangu waliikimbia Burundi mwaka 1972. Mimi nilizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, katika makazi ya wakimbizi ambayo mtu hakutoka bila kibali, na huko ndiko nilikojifunza kuchora, kwenye kuta za vibanda na milango ya makanisa. Mwaka 2010 Serikali ilitangaza uraia kwa watu zaidi ya 162,000 wa kundi letu, lakini vyeti vikaanza kugawiwa Oktoba 2014. Kipindi hicho cha katikati ndicho kilichonichosha kuliko vyote. Ukimbizi umekwisha, karatasi ya uraia huna. Hukopesheki, husajili kikundi, na kila anayekusimamisha njiani ana swali lake.

Nilipopata cheti nikahamia Bariadi, mkoani Simiyu. Mkoa huo ulikuwa bado mchanga, umemegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, na mji ulikuwa unajengwa: maduka, nyumba za wageni, ofisi, kila mmoja akitaka jina lake ukutani. Nilikula vizuri kwa muda. Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki, brashi ikakosa kazi. Wateja waliobaki walilipa pamba ikishauzwa, na bei ikianguka, deni langu lilianguka nalo. Mwenye nyumba akafunga mlango, rangi zangu zikiwa ndani. Mwenye duka mmoja nilipomdai aliniambia nikadai huko kwetu. Kwetu ni Tabora, bwana.

Aliyeniinua ni ningi mmoja, kiongozi wa kikundi cha ngoma, aliyetaka nimchoree mapazia ya jukwaa. Kupitia kwake nikaijua mbina, yaani ngoma ya Kisukuma, kwa ndani. Bagika na Bagalu ni pande mbili zinazojihesabu kwa waganga wawili wa zamani, Ngika na Gumha. Hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na anayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo kila upande una dawa zake, nyoka wake, vituko vyake, na koo nzima nyuma yake. Sasa weka meza ya waamuzi hapo. Babu yake mwamuzi huyu ni wa Bagalu, mjomba wa yule ni ningi wa Bagika, na matokeo yakisomwa hakuna anayeyakubali. Kikao kimoja cha maandalizi ya mashindano kilikwama hapo mpaka namhala mmoja, mzee wa Kisukuma, akasema, "Yule mchoraji hana upande. Mwekeni."

Basi nikaingia kamati ya sanaa ya mashindano hayo kwa ugeni uleule ulionifungia milango. Wapo waliouliza mtu wa kuja ataamuaje ngoma asiyozaliwa nayo. Swali la haki kabisa. Nilikaa na wazee, nikakikazania Kisukuma, nikajifunza kutofautisha kinachonifurahisha na kinachostahili alama. Posho, tusidanganyane, haizidi nauli.

Wenzangu wa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo mliotawanyika mikoani, wapiga ngoma, wachongaji, wachoraji: nendeni ofisi ya utamaduni ya halmashauri mlipo, na kazi zenu mkononi, mkaulize utaratibu wa kusajiliwa Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Cheti cha uraia kitoleeni nakala, halisi kibaki nyumbani.