Jangwa Litoapo Maua

Watu wengi wasikiapo neno jangwa hufikiri juu ya mchanga mtupu, jua kali na mifupa ya wanyama waliokufa kwa kiu. Lakini msafiri afikaye katika mji wa Phoenix, jimbo la Arizona huko Marekani, kati ya Machi na Mei, huona jambo jingine. Katika Papago Park, penye vilima vya mawe mekundu, ipo Bustani ya Mimea ya Jangwani, yenye ukubwa wa eka 140 na mimea zaidi ya 50,000. Mvua ya huko kwa mwaka mzima ni kama inchi 7 tu. Walakini, ikiwa mvua za majira ya baridi zimenyesha vema, nchi hiyo kavu hujipamba kwa maua ya kila rangi.

Bustani hiyo ilianzishwa na wenyeji wapendao mimea. Katika miaka ya 1930, Gustaf Starck, mtu wa asili ya Uswidi, alisimamisha kibao cha kuwaita wenzake waje wasaidiane kulinda jangwa. Bibi Gertrude Webster aliunga mkono kazi hiyo kwa mali yake, na mwaka 1939 bustani ikafunguliwa.

Mgeni apitapo katika njia zake huona kwanza vichaka vya majani ya kijivu vilivyofunikwa na maua ya manjano. Mbele kidogo husimama mmea uitwao ocotillo, mfano wa fito zenye miiba, na kila ncha yake ina shada jekundu kama moto. Hapo huja ndege wadogo sana kunyonya asali ya maua, kama afanyavyo chozi wa Afrika. Chini kabisa dungusi fupi, zilizojaa miiba tele, hutoa maua ya zambarau. Mwezi wa Aprili hufuata zamu ya mti wa palo verde. Maana ya jina hilo katika Kihispania ni mti wa kijani, kwa kuwa hata gome lake ni la kijani, nalo hufanya kazi ya majani wakati majani yenyewe yameanguka.

Lakini mkuu wa jangwa hilo ni saguaro, dungusi ndefu ifikayo futi 40 na kupita. Mtu wa Afrika Mashariki aionapo hukumbuka ule mti wa Bonde la Ufa wenye matawi kama kinara cha taa na utomvu mweupe kama maziwa. Mimea hiyo miwili si ya ukoo mmoja. Ni shida ya maji iliyoifundisha desturi moja. Mizizi ya saguaro haiendi chini sana, bali hutandaa pande zote ili kunywa mvua upesi kabla haijakauka. Shina lake lina mikunjo ambayo hupanuka likijaa maji na kujikunja wakati wa kiangazi. Tena hufungua vitundu vyake vya kupumulia usiku, jua likiisha kutua, ili lisipoteze maji.

Saguaro haina haraka. Katika miaka 8 ya kwanza huweza kukua inchi moja na nusu tu. Ua la kwanza huonekana ikiwa na umri wa miaka kama 35, na mkono wa kwanza huweza kuchelewa hata miaka 75. Utoto wake huupitisha chini ya palo verde au kichaka kingine, ambacho huikinga na jua, baridi na meno ya wanyama. Aondoaye kichaka hicho kwa kukiona hakina faida amekwisha kuua jitu la kesho.

Mwishoni mwa Aprili na mwezi wa Mei saguaro hutoa maua yake meupe. Kila ua hufunguka usiku, na kesho yake alasiri limekwisha kufunga. Popo, njiwa na nyuki hulitembelea katika muda huo mfupi. Matunda huiva mwezi wa Juni, na watu wa kabila la Tohono O'odham huyaangua kwa fito ndefu, wakapika asali yake na kutengeneza divai ya sherehe ya kuomba mvua. Vigong'ota nao hutoboa shina na kuzaa humo, na baadaye bundi wadogo hurithi matundu hayo.

Mwaka 2023 mji wa Phoenix ulipata siku 31 mfululizo za joto la digrii 43 na zaidi. Usiku nao haukupoa, na mimea inayopumua usiku haikupata nafuu. Hata humo bustanini, saguaro zilidondosha mikono na nyingine zikaanguka. Wahenga walisema kwamba mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Saguaro iliyoanguka hairudishwi kwa fedha wala kwa maji ya bomba. Apandaye nyingine leo atakuwa mzee kabla haijaota mkono, na kazi yake ya kwanza ni kuitafutia kivuli cha mti mdogo.