Ardhi ya Magarama na Siri za Mifupa

Magarama ni mtaa wa Gitega, mji uliofanywa makao makuu ya serikali ya Burundi mwaka 2019. Jina hilo hilo husikika tena Muyinga, kaskazini-mashariki, upande wa mpaka wa Tanzania. Kati ya Magarama hizo mbili ipo barabara ipandayo na kushuka vilima, ikiuvuka mto Ruvubu na kupita Karusi. Ni njia ya migomba, ya baiskeli zilizopakiwa ndizi, na ya udongo mwekundu. Apendaye kuchunguza habari za wanadamu wa zamani atakuta katika udongo huo jambo la kushangaza: watu wa kale sana hawakuacha mifupa, bali watu wa juzi wameiacha kwa maelfu.

Sababu ya kwanza ni ya maumbile. Udongo wa nyanda hizi una uchachu, na mvua ni nyingi. Mfupa uliozikwa humong'onyoka hata usiachie vizazi vijavyo kitu. Kwa hiyo wataalamu wa mambo ya kale waliofanya kazi Burundi walijifunza kumtafuta mwanadamu kwa alama za mikono yake. Mtafiti Marie-Claude Van Grunderbeek na wenzake, ambao mwaka 1983 walitoa kitabu juu ya mwanzo wa uhunzi katika Rwanda na Burundi, walifukua tanuri za kuyeyushia chuma mahali kama Mubuga na Rwiyange, wakapima umri wa makaa yaliyobaki ndani yake. Vyungu vilivyopatikana ni vya jamii ya Urewe, vinavyojulikana pia pande za Ziwa Viktoria. Mhunzi mwenyewe ametoweka, lakini makaa yake yamebaki.

Wafalme nao walikuwa na desturi yao. Mwami wa Burundi alipofariki, maiti yake ilikaushwa juu ya moto, kisha ikapelekwa kwenye msitu mtakatifu wa upande wa Nkiko-Mugamba, mikononi mwa walinzi wa ukoo maalumu walioitwa Abanyange. Mama zao walizikwa Mpotsa. Wanahistoria Jean-Pierre Chrétien na Émile Mworoha waliandika habari za makaburi hayo mwaka 1970. Makaburi hayakujengewa mawe, bali yalitambuliwa kwa miti mikubwa na kwa kumbukumbu za walinzi. Katika nchi jirani ya Rwanda, Mbelgiji Francis Van Noten alifukua mwaka 1969 kaburi la mwami Cyirima Rujugira, akaikuta mifupa yake pamoja na vyombo vingi vya chuma, zikiwamo nyundo za mhunzi. Walioyasikia masimulizi ya wazee juu ya ufalme na chuma hawakustaajabu.

Lakini kando ya Ruvubu, katika uliokuwa mkoa wa Karusi, mambo ni mengine kabisa. Mwezi Aprili 1972 waasi wa Kihutu waliwaua watu, wengi wao Watutsi, kusini mwa nchi. Jeshi likajibu kwa kuwakamata na kuwaua Wahutu nchi nzima, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani, mapadri. Makadirio ya waliokufa ni kati ya 100,000 na 300,000. Mwezi Januari 2020, Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, ilianza kufukua mashimo ya Karusi. Mwezi Februari mwenyekiti wake, Pierre Claver Ndayicariye, alitangaza kwamba mashimo sita yametoa mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Pamoja na mifupa zilipatikana risasi, nguo, miwani na rozari. Kwa vitu hivyo baadhi ya jamaa waliweza kuwatambua watu wao.

Mfupa peke yake husema mengi, ila huhitaji msikilizaji aliyefundishwa. Nyonga hutofautisha mwanamume na mwanamke. Ncha za mifupa mirefu, ambazo kwa kijana bado hazijaungana na shina, huonyesha umri. Urefu wa mfupa wa paja hukadiria kimo. Tundu la risasi katika fuvu huonyesha ilikoingia na ilikotokea. Ili asihesabiwe mtu mmoja mara mbili, mtaalamu huhesabu mfupa wa aina moja, tuseme paja la kulia. Na jina la marehemu, pasipo na miwani wala rozari, halipatikani ila kwa kulinganisha vinasaba na vya ndugu walio hai. Ndiyo maana wakosoaji walilalamika kwamba ufukuzi ulikwenda mbio bila wataalamu wa kutosha. Lalamiko hilo lina uzito: mifupa ikishachanganywa juu ya turubai, mpangilio wake shimoni haurudi tena, na pamoja nao hupotea sehemu ya ushahidi. Hata hivyo mjane aliyengoja karibu miaka 50 ni vigumu kumwomba angoje tena.

Mwezi Desemba 2021 tume ilitamka kuwa mauaji ya 1972 dhidi ya Wahutu yalikuwa mauaji ya kimbari. Ilikuwa imekwisha kuorodhesha zaidi ya makaburi 4,000 ya halaiki nchini.

Gitega yenyewe ina makumbusho ya taifa, yaliyoanzishwa mwaka 1955, ambamo vyombo vya enzi ya wafalme vimehifadhiwa. Ni katika mji huo huo ambapo Ntare wa Tano, mwami wa mwisho, aliuawa tarehe 29 Aprili 1972, akiwa na umri wa miaka 24. Mababu zake wana misitu yao na walinzi wao. Yeye kaburi lake halijulikani.