Chokaa ya Kilwa, Kuta za Posta

Ukuta wa matumbawe hautaki simenti. Nalisema hili kila ninapoitwa Posta, Dar es Salaam, kutazama nyumba ya zamani inayobanduka plasta, na mara nyingi mwenye nyumba huwa ameshanunua mifuko, imepangwa barazani inanisubiri. "Fundi, tupige plasta nzito tumalize." Namwomba kwanza tutembee hadi Boma la Kale, Barabara ya Sokoine, mkabala na bandari. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alilijenga mnamo 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wake, alipokuwa akiuanzisha mji huu. Kuta zake ni matumbawe na chokaa. Wajerumani wamelikuta, Waingereza wamelikuta, na sisi tumelikuta.

Ufundi huu sikuupata Dar es Salaam. Niliupata Kilwa Kisiwani, kwenye magofu, nikiwa kibarua wa kuchanganya chokaa chini ya mzee aliyezaliwa kisiwani humo. Wageni walikuja kupiga picha kuta; mzee alinifundisha kuzisoma. Kuna mawe ya matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu, magumu, ya kujengea ukuta mnene. Kuna na matumbawe yaliyokatwa baharini yangali mabichi, laini, ambayo mafundi wa kale waliyachonga mihrabu na fremu za milango kabla hayajakauka na kukakamaa. Upana wa chumba uliamuliwa na boriti ya mkoko: boriti ikiishia hapo, na chumba kinaishia hapo. Ndiyo maana vyumba vingi vya kale ni virefu na vyembamba.

Mji wa Kilwa ulitajirika kwa dhahabu ya Sofala. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Husuni Kubwa, jumba lililo juu ya genge likitazama bahari, huhesabiwa kuwa kazi ya zama zake. Msikiti Mkuu ulianzwa karne ya 11, ukapanuliwa baadaye kwa makuba yaliyojengwa kwa mawe na chokaa tupu, bila kipande cha chuma. Nimesimama chini ya makuba hayo na timazi mkononi, na ninasema kwa moyo mweupe kwamba sijaona kazi ya uashi inayoyashinda katika pwani yetu.

Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliingia na merikebu za Wareno, mji ukaporwa, wakajenga ngome ufukweni. Mwaka 1512 walikuwa wameshaondoka. Gereza, ndilo jina la ngome tunayoiona leo, lilijengwa upya na Waomani mnamo 1800, juu ya masalia ya ngome hiyo ya Wareno. Lakini adui aliyelidhuru zaidi hakuja na mizinga. Mikoko ilikatwa, na mawimbi yakapata njia ya kuchimba ufukwe na kula misingi. UNESCO, iliyokuwa imeyaandikisha magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kuwa urithi wa dunia mwaka 1981, ikayaweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004. Yaliondolewa humo mwaka 2014, baada ya kuta kukarabatiwa na ufukwe kushughulikiwa, mikoko ikiwemo.

Tatizo la simenti ni hili. Jiwe la matumbawe lina chumvi, na unyevu hupanda kutoka ardhini kila masika. Chokaa huuruhusu unyevu utoke. Simenti huuziba, maji yakikosa pa kutokea, chumvi huganda nyuma ya plasta, jiwe linasagika kuwa unga, na siku moja uso mzima wa ukuta unadondoka. Nimeona nyumba Posta iliyopigwa simenti na mkandarasi mmoja. Kwa nje ilimeremeta, kwa ndani ungeweza kulichota jiwe kwa kijiko. Kiraka lazima kiwe dhaifu kuliko jiwe, ili kikiharibika kibadilishwe kiraka, si jiwe.

Zamani chokaa ilichomwa kwa kupanga magogo, matumbawe juu yake, moto ukawaka mchana na usiku. Mzee wangu alijua hivyo, na vijana kadhaa wa kisiwani bado wanajua. Mimi siichomi hivyo. Siwezi kuvunja mwamba na kukata mkoko ili nitengeneze Gereza, wakati hivyo viwili ndivyo vinavyolikinga na bahari. Natumia chokaa ya mawe iliyochomwa Tanga, nailoweka mwenyewe shimoni, naifunika na kuiacha miezi ilainike kama siagi ndipo niichanganye na mchanga uliooshwa chumvi. Mteja wa Posta asiyeweza kusubiri namwambia siku ya kwanza, kwa heshima, atafute fundi mwingine.