Mbuzi ambaye hatukumwona

Likizo ya Pasaka tulikuwa wanane katika gari moja, tukitoka Bunia kurudi Mongbwalu. Ni karibu kilometa 80, na vizuizi vyake ni habari nyingine. Tulipopita Iga-Barrière, shofere akakanyaga mafuta. Tulimwomba apunguze; akasema wamama wanaogopa bure. Kwenye kona gari likateleza, likaangukia mtaroni. Mwenzetu mmoja, mwalimu wa darasa la pili, akavunjika mkono. Jioni shofere alimweleza mwenye gari kwamba mbuzi alikatiza njia. Sisi wote wanane hatukumwona mbuzi huyo.

Sasa chama kinataka kukodi gari kila mwezi kuleta maharagi na mawese, nasi tukaulizana: nani atasema kweli kuhusu mwendo? Magari ya MONUSCO yana chombo kinachoandika mwendo, na shofere hupitisha karati yake kwanza. Kule Tanzania, mabasi ya mikoani yanafuatwa na LATRA kwa chombo kama hicho. Shofere akizidisha mwendo, kinalia ndani ya basi. Hapo ndipo tulipopenda: abiria naye anasikia. Kenya walilazimisha vidhibiti mwendo vya kilometa 80 kwa saa katika matatu tangu Februari 2004, lakini kuna waliovichezea. Kwetu mtandao hukatika njiani, ila chombo kizuri hutunza habari na kuzituma kikifika penye mtandao.

Tulikuwa karibu kupiga makofi. Ndipo mama mmoja, mke wa shofere, akasimama: «Bwana wangu anaambiwa afike kabla ya saa sita, la sivyo halipwi. Kamera itaandika kosa lake. La patroni litaandikwa na nani?»

Tulinyamaza. Ana haki, na sisi wenyewe tumewahi kuongeza franka ili bidhaa zifike mapema.

Kwa hiyo katika karatasi ya kukodi tumeandika saa ya kutoka, si saa ya kufika. Hakuna franka ya haraka. Kamera itazame njia, na shofere aonyeshwe picha kabla ya mtu yeyote kumhukumu. Mwenye gari wa kwanza alicheka, akaondoka. Wa pili ameomba siku tatu za kuulizia bei ya chombo huko Bunia.

Tutamsikiliza Alhamisi, baada ya soko. Mwalimu wetu atakuja pia. Mkono bado umefungwa, na watoto wake wa darasa la pili ndio wanaomwandikia ubaoni.