Barua kutoka Texas: Msichana Acheze, na Jasho Lake Lilipwe

Arlington, Texas

Dada mpendwa,

Baridi ya Februari imeanza kulegea. Ujumbe wako wa sauti niliupata na nikausikiliza hadi mwisho. Umeuliza ni kazi gani hii ya kuwachezea watu densi wakati wa mpira, mbona msichana avae nguo fupi vile mbele ya umati, na mimi mama yake mdogo niliyekabidhiwa mtoto nimemwambia nini. Nakujibu kwenye safu hii kwa sababu najua hauko peke yako. Wako wazazi wengi kule Njoro, Molo na Mau Narok ambao watoto wao wameshika njia ambazo hakuna mtu wa ukoo aliyewahi kuzipita, na usiku hawalali.

Nianze na kazi yenyewe. Mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na kugongana mabega, una ligi kuu iitwayo NFL. Timu nyingi za ligi hiyo zina kikosi cha washangiliaji wanaocheza densi kandokando ya uwanja tangu kabla ya mchezo kuanza hadi kipenga cha mwisho. Dallas Cowboys wanachezea uwanja uliofunguliwa mwaka wa 2009 papa hapa Arlington, na kikosi chao cha washangiliaji 36 ndicho kinachojulikana zaidi kuliko vyote. Humo ndimo mwanao anamotaka kuingia.

Mlango wenyewe ni mwembamba. Anayeomba ni lazima awe ametimiza miaka 18 na awe amemaliza shule ya upili. Mchujo wa kwanza siku hizi ni wa video: unajirekodi ukicheza, unatuma. Wanaopita huitwa mbele ya majaji kucheza ngoma waliyofundishwa muda mfupi tu uliopita, kisha kila mmoja peke yake, kisha safu ya mateke. Kuna mahojiano, na kuna mtihani wa kuandika kuhusu historia ya timu, sheria za mchezo na habari za dunia. Wanaobaki huingia kambi ya mazoezi, na hata huko kambini watu bado hukatwa. Aliyekuwa kikosini mwaka jana naye hurudi kwenye mchujo pamoja na wageni. Hakuna mwenye kiti cha kudumu.

Sasa nikueleze jinsi mwanao anavyojiandaa, maana hapo ndipo utakapojua kama anacheza au anafanya kazi. Mchana huwa kwenye makao ya wazee, akiwainua, akiwaogesha na kuwapa dawa. Akitoka hapo anaenda darasa la densi, siku nyingine baleti, siku nyingine jazi. Akirudi nyumbani anakula, kisha anaingia gereji, tukishatoa gari nje. Saa tano ya usiku yumo bado, wakati kwenu ni saa mbili asubuhi na matatu za kwenda Nakuru zimeshajaa.

Safu ya mateke ndiyo inayomsumbua, basi acha nikuonyeshe. Washangiliaji hushikana mabegani wakajipanga mstari mmoja, kisha kila mguu unarushwa juu hadi usawa wa uso, goti likiwa limenyooka na kidole gumba kimeelekea mbele, mgongo usipinde, kichwa kisiinamie mguu. Kosa kubwa ni kumwegemea mwenzako, kwa sababu uzito wako ukimlalia, yeye naye anamlalia wa tatu na mstari wote unayumba. Kwa kuwa hana wenzake gerejini, mwanao huweka viti viwili vya plastiki, kimoja kila upande, na kuweka mikono juu ya migongo ya viti hivyo. Akiegemea kidogo tu, kiti kinaanguka. Mwanzoni vilikuwa vikianguka kila mara. Siku hizi anamaliza wimbo mzima vikiwa vimesimama, na uso wake unatabasamu muda wote huku jasho likimwingia machoni. Mwisho wa safu wanaruka juu na kutua sakafuni kwa msamba. Hilo nimemkataza kulifanya kwenye saruji. Analifanya studio tu, juu ya sakafu laini, mkufunzi akiwa karibu.

Kwenye mlango wa friji amebandika karatasi za mtihani. Timu ilianzishwa mwaka wa 1960. Imetwaa ubingwa wa Super Bowl mara tano. Ukipita kuchukua maziwa, yeye anakuomba umuulize swali. Na kwa ajili ya mahojiano anajizoeza kuieleza Njoro kwa dakika moja: mashamba ya ngano, kituo cha utafiti ambako wanasayansi wa mataifa mengi hupeleka ngano zao kupimwa dhidi ya ugonjwa wa kutu, Chuo Kikuu cha Egerton kilichoanza kama shule ya kilimo mwaka wa 1939. Anasema majaji wakimkumbuka kwa jambo moja, liwe kwao.

Dada, umesema haya ni mambo ya Wazungu. Hebu tukumbushane. Wewe mwenyewe ulipanda matatu kwenda Nakuru kumwona kwenye tamasha za drama za shule, kikundi chao kikicheza ngoma ya ubunifu, wasichana wote wakigeuka kwa pigo moja. Ulilia kwa furaha. Wazee wetu walicheza mwomboko wawili wawili, goti likipinda kwa mdundo mmoja wa kodiani, na aliyekosea hatua alionwa na kila mtu. Kule pwani, tangu mwisho wa karne ya 19, vikundi vya beni vilishindana mitaani Lamu na Mombasa kwa sare, vyeo na mwendo wa gwaride, na wanawake wa lelemama walikuwa na vyama vyao vyenye viongozi na mashindano makali. Kuvaa sare, kusimama kwenye mstari, kufanya mazoezi hadi mwili ukariri na kupimwa mbele ya watu ni mambo ambayo bibi zetu waliyafanya na wakaheshimiwa.

Hata hapa Marekani kazi hii haikuanza na wasichana. Ilianza Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka wa 1898, pale mwanafunzi mmoja wa kiume, Johnny Campbell, alipotoka mbele ya umati na kuongoza kelele za kuishangilia timu. Kwa miaka mingi ilikuwa kazi ya wanaume. Timu ya kwanza ya NFL kuwa na kikosi cha washangiliaji ilikuwa Baltimore Colts, mwaka wa 1954. Dallas ndiyo iliyogeuza mambo mwaka wa 1972 kwa kuleta wachezaji densi waliofundishwa na Texie Waterman, wakivaa blauzi ya samawati, kizibao cheupe chenye nyota na kaptura fupi nyeupe. Sare hiyo leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la historia ya taifa, Smithsonian. Wanaume nao wamerudi: mwaka wa 2018 Quinton Peron na Napoleon Jinnies walijiunga na kikosi cha Los Angeles Rams wakicheza densi ileile wanayocheza wanawake.

Nguo ni fupi, sitakuficha. Kama mama una haki ya kusema na mwanao, naye atakusikiliza. Lakini kuna jambo linalonikosesha usingizi kuliko kaptura ile, nalo ni malipo. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wasichana hawa walicheza kwao miaka nenda miaka rudi, mbele ya maelfu ya watu, katika ligi inayoingiza mabilioni ya dola, na hawakutunzwa.

Mwaka wa 2014 mshangiliaji wa Oakland Raiders aliishtaki timu yake. Malipo yalikuwa dola 125 kwa mchezo, na mazoezi hayakulipwa. Shauri hilo liliisha kwa makubaliano ya dola milioni 1.25, na mwaka uliofuata California ikapitisha sheria kwamba washangiliaji wa timu za kulipwa ni wafanyakazi wenye haki zote za mfanyakazi. Mwaka wa 2018 mshangiliaji Bailey Davis wa New Orleans alifukuzwa kazi kwa picha aliyoiweka kwenye Instagram. Mwaka huohuo Erica Wilkins, aliyekuwa mshangiliaji wa Dallas, aliishtaki timu hiyo kuhusu malipo, na pande zote zikapatana mwaka wa 2019. Kisha, mwaka wa 2025, filamu ya mfululizo ya Netflix iliyofuatilia kikosi cha Dallas ikaonyesha wachezaji wakikaa pamoja, wakidai haki yao, na wakapata nyongeza ya takriban asilimia 400. Nyongeza kubwa kiasi hicho inakuonyesha malipo ya awali yalikuwa madogo kiasi gani. Tena haikuletwa na hisani. Kila hatua ililetwa na mwanamke aliyekubali kuonwa mkorofi.

Mwili nao una bei yake. Filamu hiyohiyo, katika sehemu ya mwaka wa 2024, ilimwonyesha mchezaji aliyestaafu akiwa bado kijana, akifanyiwa upasuaji wa nyonga kwa sababu ya mateke na msamba wa miaka yake kikosini. Ndiyo maana nimekaa na mwanao mezani tukaandika maswali atakayoyauliza kabla ya kutia sahihi popote. Saa za mazoezi zinalipwa kiasi gani? Nani analipia nywele, vipodozi na safari? Nikiumia mazoezini, nani ananitibu, na kwa muda gani? Picha zangu zikiuzwa, nina fungu? Nikikosea kanuni, nani anaamua, na nina pa kukata rufaa? Ameyaandika kwenye daftari lilelile la hatua za densi. Nimemwambia kazi ya kucheza ni kazi, na mfanyakazi husoma mkataba kabla ya kuufurahia.

Na asipopita, je? Wengi hawatapita, na naye anajua. Atakuwa na mwili wenye afya, Kiingereza cha mahojiano kilichonyooka, nidhamu ya kuamka na kulala kwa saa, na darasa la uuguzi analolianza mwezi wa nane. Kikosini humo wengi huwa na kazi nyingine au masomo, kwa hiyo hata akipita hataiacha njia hiyo. Mipango yake haijaegemea kiti kimoja.

Kuhusu nilichomwambia, ni hiki. Nimemwambia asimame wima, asimwegemee mwenzake, na asikubali mtu amwambie kwamba kupenda kazi ni malipo tosha. Sisi tulikulia karibu na kasri la Lord Egerton, ambalo mwenyewe, kama tulivyosimuliwa, hakutaka mwanamke akanyage uani kwake. Leo maharusi wanapigia picha pale. Mambo hubadilika, ila hubadilishwa na watu.

Nakuomba, dada, umpigie simu kabla hajatuma video yake. Muulize nyonga zinauma vipi, anakula nini, analala saa ngapi. Muulize pia yale maswali ya mkataba, umsikie anavyoyajibu. Suala la nguo mlizungumze ninyi wawili, kwa upole, kama mama na mtu mzima mwenzake. Kisha mpe baraka zako, kwa sababu hizo hakuna mkufunzi wala jaji wa hapa anayeweza kumpa, na yeye amekuwa akizisubiri tangu alipoanza.

Msalimie Baba na jirani zetu wote.

Wako mpendwa,
Ndugu yako wa Texas