Mgonjwa Asiye na Sauti

Msomaji, mbuzi akiumwa hulia, na mtoto akishikwa na homa humwambia mama yake. Samaki hana kilio. Maradhi yake huandikwa juu ya ngozi yake, na asiyejua kuisoma ngozi hiyo huweza kumwua mgonjwa kwa mikono ile ile anayotaka kumponya nayo. Jambo hili nalijifunza kwa aibu, nami nakusimulia ili ulipate kwa bei nafuu kuliko niliyolipa mimi.

Mwaka wa 2021 nalikuwa nikifundisha sayansi katika shule moja ya Limuru. Mwanafunzi mmoja ambaye wazazi wake walihama alituachia samaki wa aina ya beta, dume jekundu lenye mapezi marefu kama kanzu ya sherehe. Asili ya samaki huyu ni nchi ya Thailand, ambako huishi katika mashamba ya mpunga na katika vidimbwi vya maji yaliyotulia. Huko madume yalipiganishwa tangu zamani, na mwaka wa 2019 serikali ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Kwa ajili ya ukali wake darasa lilimwita Jemadari. Tulimweka katika chupa kubwa ya kioo karibu na dirisha, tukadhani tumemtendea mema.

Siku moja ya Julai, mwezi ambao baridi ya Limuru huingia hata mifupani, kijana wa kidato cha kwanza aliinua mkono akasema, "Mwalimu, Jemadari anajikuna."

Nalimjibu kwa mzaha, "Samaki hana kucha, mwanangu; atajikunaje?" Darasa zima likacheka. Kijana akaketi, akainamisha kichwa, wala hakuinua mkono tena muhula ule.

Naye alikuwa ameona kweli. Jemadari alikuwa akijisugua juu ya mawe ya chini ya chupa. Siku tatu baadaye chembe nyeupe zilitokea mwilini mwake, kana kwamba amenyunyiziwa chumvi. Badala ya kujiuliza chembe zile ni nini, nalikata shauri upesi kwamba ni ukungu. Nalimwaga maji yote, nikatia mengine ya mfereji yenye baridi kali, nikatupia konzi ya chumvi bila kuipima. Kulipopambazuka Jemadari alikuwa akielea kwa ubavu.

Nalirudi vitabuni nikiwa na uchungu, na huko nikaona makosa yangu yamepangwa mstari kama wanafunzi gwarideni. Kwanza, beta ni samaki wa nchi za joto. Hutaka maji ya digrii 24 hadi 28, na maji yetu ya asubuhi yalikuwa digrii 16. Samaki aliyepigwa na baridi hupungukiwa na nguvu za kupambana na maradhi. Pili, maji ya mfereji hutiwa klorini, ambayo huunguza matamvua. Yafaa kuitoa kwanza kwa dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Tatu, badiliko la ghafula, la joto au la chumvi, humshtua hata samaki mzima, sembuse mgonjwa.

Kosa la nne ndilo kubwa: nalitibu ugonjwa nisioutambua. Jemadari hakuwa na ukungu. Alikuwa na ugonjwa wa madoa meupe, uletwao na kimelea kidogo sana kiishicho chini ya ngozi ya samaki, ambako hakuna dawa ya majini iwezayo kukifikia. Kikishiba hutoka, huanguka chini, hujifunika, kisha hujigawa kuwa mamia. Watoto hao huogelea kutafuta samaki wa kuingia, na ni wakati huo tu dawa huwaua. Kwa hiyo madoa yakitoweka si dalili ya kupona. Mwenye busara huendelea na dawa kwa muda wote ulioandikwa. Tena kimelea hicho huweza kuanza katika matamvua, ambako jicho halifiki, na mgonjwa akajikuna kabla doa lolote halijaonekana. Dalili ya mvua ni mawingu. Kijana yule aliyaona mawingu, nami nalimcheka.

Juma lililofuata nalisimama mbele ya darasa nikasema kwamba Jemadari alikufa kwa ujinga wangu, na kwamba mwenzao alisema kweli nikamdharau. Msomaji, si rahisi mwalimu kutamka maneno hayo. Lakini kuficha kosa langu kungalikuwa kuwafundisha kwamba heshima ni kubwa kuliko ukweli, na somo hilo lingalidumu kuliko sayansi yote niliyowafundisha.

Mwaka wa 2022 wanafunzi walichanga fedha wakanunua beta mwingine, wa rangi ya samawati, pamoja na tangi la lita 20, kipimajoto na chombo cha kupashia maji joto. Nalimpa kijana yule kazi ya kumwangalia, na daftari la kuandika ayaonayo. Tulikubaliana juu ya dalili. Madoa meupe yanayohesabika kama chembe za chumvi ni ugonjwa wa kimelea nilichokutajia. Vumbi laini la rangi ya dhahabu au ya kutu, lisilohesabika, ni ugonjwa wa mahameli. Manyoya kama ya pamba huenda yakawa ukungu wa maji, au huenda yakawa bakteria. Na bakteria hao wakiwapo, kuongeza joto huwazidishia kasi. Mapezi yanayochanika na kuwa meusi au mekundu pembeni yanaoza, na mara nyingi chanzo chake ni maji machafu. Lakini povu juu ya maji si ugonjwa, maana dume hujenga kiota cha mapovu. Wala kupanda juu kuvuta hewa si ajabu, kwa kuwa beta ana kiungo cha kupumulia hewa kama sisi.

Asubuhi moja kijana alinijia akasema, "Mwalimu, amekunja mapezi, na chakula amekikataa." Safari hii sikucheka. Tulifunga mapazia, tukammulika samaki kwa kurunzi kutoka ubavuni, na tazama, mwili wake ulimetameta kama uliopakwa vumbi la dhahabu. Ilikuwa mahameli.

Tulipandisha joto polepole hata digrii 28. Tulilifunika tangi kwa kitambaa cheusi, kwa sababu kimelea cha mahameli kina chembe za kijani kama jani la mmea, na hupata sehemu ya chakula chake kwa mwanga. Tulipima maji ya tangi, tukatia dawa yenye shaba kwa kipimo kilichoandikwa, bila kuzidisha hata tone, kwani shaba ikizidi huwa sumu kwa samaki mwenyewe. Kwa siku kadha daftari lilikuwa na habari mbaya tu. Siku ya tisa kijana aliandika, "Amekula punje mbili." Siku ya kumi na nne vumbi lilikuwa limekwisha, na mapezi yamekunjuka.

Msomaji kijana, huenda usifuge samaki maisha yako yote. Hata hivyo utakutana na wagonjwa wengi wasio na sauti: mche unaonyauka, ndama anayejitenga, rafiki aliyeacha kuzungumza. Tazama kwanza, tambua, pima, ndipo utibu. Na aliye mdogo kwako akikuambia ameona jambo, inama uangalie kabla hujacheka.