Nipo Iliyokatikia Ukutani

Katika kazi za bomba nyumbani, kufunga koki mpya si tabu. Tabu ni kile kipande cha zamani kinachokatikia ndani. Mabomba yetu hapa Ngerengere ni ya chuma, na kutu hukimaliza chuma upesi penye hesi, zile nyuzi za kuzungushia, kwa kuwa hapo ndipo kilipo chembamba.

Ndivyo ilivyokuwa kwa koki ya uani, ambayo sote tunatawadhia. Nipo yake ya nusu inchi ilikatika, nusu ikabaki ndani ya elbo, na elbo yenyewe imejengewa ukutani. Baba alifunga koki kubwa, nyumba nzima ikakosa maji. Bibi akawa anatawadha kwa birika la maji ya jirani.

Mjomba alikwisha shika nyundo avunje ukuta. Baba akamwambia, "Shemeji, subiri. Iliyokufa ni nipo, elbo ni nzima."

Kwanza alitia mafuta ya taa, tukaacha tangu alasiri hadi magharibi. Akagongea mkia wa tupa ndani ya kile kipande, akauzungusha kwa spana kuelekea kushoto. Ukateleza tu. Kuongeza nguvu hapo ni kuitanua nipo izidi kubana.

Asubuhi alitoa msumeno wa chuma kwenye fremu yake, akaufunga kitambaa upande wa kushikia. Akakata kutoka ndani kwenda nje, mistari miwili iliyokaribiana, taratibu mno, mimi nikimmulikia tochi. Kila mara alisimama kutazama: msumeno ukigusa hesi za elbo, maji yatavuja daima na ukuta utavunjwa tu. Kisha akaingiza bisibisi kuukuu kati ya mistari ile, akagonga kidogo. Ukanda mwembamba ukajikunja kwa ndani. Nipo ikalegea, ikatoka kwa koleo.

Akafungulia maji kidogo yatoe unga wa chuma. Nipo mpya aliizungushia katani kwa kufuata mkondo wa hesi, upande wa kulia, akapaka rangi. Madukani ipo tepu nyeupe, nayo ni nzuri. Lakini sisi ni watu wa nchi ya mkonge, na baba haachi katani.

Adhuhuri bibi alitawadha pale pale. Koki ya jikoni nayo imeanza kutoa jasho penye hesi, na nipo yake iko tayari juu ya kabati.